Kwa nini paramediki asome miaka mitatu? Jibu kwa dada wa Leicester

Swali: "Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 31, naishi Leicester na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Nilikuja Uingereza mwaka 2019 kwa viza ya mke, na sasa nimepata ukaazi wa kudumu. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mara kadhaa nimewaona watu wa ambulansi wakija kumhudumia mzee aliyeanguka, na tangu hapo moyo wangu uko kwenye kazi hiyo. Nina KCSE ya mwaka 2012 yenye wastani wa C+, ila Hisabati nilipata D+. Kuna kampuni imenitumia tangazo la kozi ya wiki saba kwa takriban pauni 3,000, na wanasema nitakuwa kwenye ambulansi kabla ya mwaka kwisha. Chuo kikuu kinataka miaka mitatu, na mkopo wake una riba, jambo ambalo sisi tunaliogopa. Mume wangu anauliza kwa nini mtu asomee shahada kazi ya kubeba wagonjwa. Tena nikiona damu nyingi kichwa huzunguka, na niliwahi kuzimia. Je, nichukue kozi fupi, nikubali miaka mitatu, au niache kabisa? Na tukirudi Kenya siku moja, shahada hiyo itanifaa?"

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lililobeba mengine yote ni lile la mumeo, kwamba shahada ni ya nini, na hilo nitalijibu kwa urefu. Kwanza, hata hivyo, nikuombe jambo moja ambalo halingoji: usilipe zile pauni 3,000 mpaka umalize kusoma barua hii.

Nchini Uingereza jina la paramediki, yaani mtaalamu wa matibabu ya dharura anayefika na ambulansi, linalindwa na sheria. Anayeruhusiwa kulitumia ni yule tu aliyemo katika daftari la Baraza la Taaluma za Afya na Huduma, linalojulikana kwa herufi HCPC, na mtu anayejiita paramediki kwa nia ya kudanganya ilhali hayumo katika daftari hilo anatenda kosa la jinai. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, kiwango cha chini cha kozi inayomfikisha mwanafunzi mpya kwenye daftari hilo ni shahada ya kwanza. Waliosajiliwa zamani kwa stashahada, au kwa mafunzo mafupi yaliyotolewa ndani ya huduma za ambulansi, wameachwa waendelee na kazi yao, na baadhi yao ni hodari ambao mimi mwenyewe nimejifunza kwao. Ndiyo maana huenda ukamkuta paramediki wa miaka 55 akakuambia kwamba yeye alisoma kwa miezi michache tu. Anasema kweli, lakini mlango alioingilia umefungwa.

Kozi uliyotangaziwa, kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea kuwa mkusanyiko wa vyeti vinavyoitwa FREC, pamoja na cheti cha udereva wa dharura. FREC ya ngazi ya tatu husomwa kwa takriban siku tano. Hivi ni vyeti halali na vina kazi yake: mwenye navyo anaweza kuajiriwa kutoa huduma ya kwanza kwenye matamasha na viwanja vya michezo, au katika kampuni binafsi zinazosafirisha wagonjwa, na wakati mwingine humsaidia mtu anayeomba nafasi ya msaidizi katika huduma ya umma. Kwa hiyo tangazo linaweza kuwa la kweli kwa maneno yake, kwamba utakaa ndani ya ambulansi, na bado likakuacha ukiamini jambo ambalo si kweli. Waandikie swali moja tu na udai jibu la maandishi: je, kozi hii imeidhinishwa na HCPC kwa usajili wa paramediki? Kisha usitegemee jibu lao peke yake. Kozi zote zilizoidhinishwa zimeorodheshwa kwenye tovuti ya HCPC, na yeyote anaweza kuitazama bila malipo.

Sasa nimgeukie mumeo, ambaye kwa kadiri ya aliyoyaona hakosei. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki tumezoea gari la wagonjwa kuwa chombo cha kumtoa mtu kwenye zahanati na kumfikisha hospitali ya rufaa, na sifa ya dereva ni kujua njia na kukimbia. Hata mpango wa m-mama nchini Tanzania, unaopokea simu kwa namba 115 na kuwatumia pia madereva wa kijamii kuwawahisha wajawazito na watoto wachanga hospitalini, umejengwa juu ya wazo hilo la kufika mapema, na ni wazo zuri pale ambapo umbali ndio unaoua. Uingereza nayo ilianza hivyohivyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Brighton, ambapo daktari wa moyo Douglas Chamberlain alianza kuwafundisha wafanyakazi wa ambulansi kusoma mwenendo wa umeme wa moyo na kuushtua moyo uliosimama, wakati ambapo wengi waliona kwamba hayo ni ya daktari peke yake. Tangu siku hizo mzigo wa kazi umehama kutoka mikononi kwenda kichwani, na mafunzo yamelazimika kuufuata.

Mchukue yule mzee wako aliyeanguka. Tuseme ni bibi wa miaka 84, ameanguka usiku akienda msalani, amegonga kichwa, anaongea vizuri, hataki kwenda hospitali, na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa jicho la nje kazi ni kumwinua na kumrudisha kitandani, au kumbeba hadi garini. Paramediki anaona maswali mengine. Ubongo wa mtu mzima sana hunywea kidogo ndani ya fuvu, na vimishipa vinavyovuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando unaouzunguka hubaki vimevutika kama nyuzi zilizokazwa. Pigo dogo laweza kukata kimoja wapo. Damu inayovuja hapo hutoka polepole, na kwa kuwa kuna nafasi iliyobaki ndani ya fuvu, dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi au hata siku kadhaa, ilhali dawa aliyomeza inazuia damu hiyo kujifunga yenyewe. Kwa hiyo kuongea vizuri sasa hivi hakumaanishi kwamba yu salama.

Hapo bado hujauliza kwa nini alianguka. Huenda presha yake hushuka kila anaposimama, ndiyo maana utampima akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Huenda moyo wake umekosa mapigo kadhaa, ndiyo maana utampima umeme wa moyo ingawa hakulalamika kifua. Huenda alilala sakafuni kwa muda wa saa tano kabla ya kuonekana, na misuli iliyobanwa muda wote huo imeanza kuvunjika na kumwaga sumu zinazoweza kuziba figo. Na juu ya yote hayo, yeye amekuambia hataki kwenda. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kuamua, inayotumika England na Wales, inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo huo mpaka ithibitike vinginevyo, na inamruhusu mtu mwenye uwezo kufanya uamuzi ambao wewe unauona si wa busara. Utalazimika kupima, kwa utaratibu unaoweza kuueleza mbele ya mahakama, kama bibi huyu ameelewa hatari, kama anaweza kuishika akilini na kuipima, na kama anaweza kukueleza chaguo lake. Ukimwacha nyumbani, unaandika sababu zako na unapanga nani atamtazama. Ukimpeleka, unajua pia kwamba anaweza kusubiri saa nyingi kwenye korido ya idara ya dharura na kurudi amechoka, na pengine ameambukizwa maradhi mengine.

Uamuzi huo, wa nani apelekwe na nani abaki, ndio kazi yenyewe siku hizi. Wagonjwa wengi wanaopiga 999, namba ya dharura ya hapa, hawaishii hospitalini. Hutibiwa au kushauriwa palepale walipo. Kumbeba mtu ni rahisi kufundisha. Kumwacha nyumbani kwa usalama, usiku, bila daktari pembeni, kunahitaji ujuzi wa mwili, wa dawa, wa sheria na wa mazungumzo, na sijaona bado jinsi ujuzi huo unavyoweza kumiminwa kichwani mwa mtu kwa wiki saba.

Nikupe mfano mwingine ulio mfupi zaidi. Dawa ya adrenalini hutumika kwa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, miligramu 1 ndani ya mshipa wa damu. Hutumika pia kwa mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali unaoziba koo na kushusha presha, lakini hapo ni nusu miligramu, na inachomwa kwenye msuli wa paja. Ukichanganya viwili hivyo na kuisukuma dozi ya kwanza mshipani kwa mtu ambaye moyo wake bado unapiga, unaweza kumuua uliyekuja kumwokoa. Anayekariri tu vipimo atavichanganya siku aliyochoka. Aliyeelewa kwamba katika hali moja tunatafuta kubana mishipa ili damu ifike kwenye misuli ya moyo wakati wa kukandamiza kifua, na katika hali nyingine tunatafuta dawa inyonywe kutoka msulini kwa kasi ambayo moyo hai unaistahimili, hana sababu ya kuvichanganya.

Na kuhusu adrenalini hiyohiyo, ipo sababu nyingine ya chuo kikuu ambayo wanafunzi wengi huilalamikia, nayo ni somo la utafiti. Kwa miongo mingi tuliitoa dawa hii kwa kila moyo uliosimama tukiamini kwamba inaokoa. Utafiti ulioitwa PARAMEDIC2, uliofanyika katika huduma tano za ambulansi nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa 8,014. Waliopewa adrenalini na kufikisha siku 30 wakiwa hai walikuwa asilimia 3.2, na waliopewa maji ya chumvi badala yake walikuwa asilimia 2.4. Ni nafuu, lakini ndogo. Na miongoni mwa walionusurika hadi kutoka hospitalini, wenye madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini na asilimia 17.8 upande wa pili. Dawa haikuondolewa, lakini mjadala kuhusu maana ya kuokoa ulibadilika, na paramediki asiyeweza kusoma takwimu hizo atabaki kuamini alichoambiwa na mwalimu wake hadi siku ya kustaafu. Ndugu yangu shemeji akiuliza tena shahada ni ya nini, msomee aya hii na ile ya bibi.

Kozi yenyewe, nchini England, kwa kawaida ni miaka mitatu, na sehemu kubwa yake hutumika nje ya darasa. Utapangiwa zamu kwenye ambulansi chini ya paramediki aliyefunzwa kulea wanafunzi, na pia katika wodi, chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi na huduma za afya ya akili. Katika zamu hizo unahesabiwa kuwa mtu wa ziada, hujazi nafasi ya mfanyakazi, na una haki ya kuuliza na kuonyeshwa. Mwenye shahada nyingine tayari anaweza kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili inayofikisha kwenye usajili huohuo, lakini hiyo haikuhusu.

Kuhusu sifa za kuingilia, hali yako ni nzuri kuliko unavyoiona. KCSE yako, kwa masomo uliyofaulu kwa C au zaidi, hulinganishwa kwa kawaida na mtihani wa GCSE wa hapa, kwa hiyo umepungukiwa vitu viwili: Hisabati, na kiwango kinachofuata baada ya sekondari. Hisabati na Kiingereza hadi ngazi ya pili hufundishwa bila malipo nchini England kwa mtu mzima ambaye bado hana vyeti hivyo. Uliza tu mapema kama vyuo vikuu unavyovitaka vinakubali cheti cha Functional Skills, yaani cha stadi za matumizi ya kila siku, au vinadai GCSE yenyewe, kwa maana havifanani. Kitu cha pili, yaani kile kiwango kinachofuata baada ya sekondari, utakipata kwa stashahada ya Access to Higher Education, ambayo hutolewa na vyuo vya kawaida kwa watu wazima waliotoka shuleni zamani, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Ina krediti 60, na 45 kati yake ni za ngazi ya tatu zinazopewa alama. Chagua ile yenye mkondo wa sayansi ya afya. Maombi ya chuo kikuu hupitia UCAS, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo vikuu, na mwisho wake wa kawaida ni katikati au mwishoni mwa Januari. Kwenye usaili hawatakuuliza majina ya mifupa. Watakuuliza lini ulimtetea mtu asiyeweza kujitetea, na wewe uliyekesha na wazee unayo majibu ambayo kijana wa miaka 18 hana. Kiingereza chako nacho kitapimwa, kwa kuwa HCPC inadai kiwango kinacholingana na alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS bila sehemu yoyote kushuka chini ya 6.5.

Nimefika kwenye fedha, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu jambo hili limewazuia wengi wa jamaa zetu bila wao kupata maelezo kamili. Kwa kuwa una ukaazi wa kudumu na umeishi hapa zaidi ya miaka mitatu, unaelekea kuhesabiwa mwanafunzi wa nyumbani. Ungekuwa bado kwenye viza ya kazi, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Ada ya juu kwa mwanafunzi wa nyumbani katika mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 9,535. Mkopo wa serikali kwa wanaoanza sasa hurejeshwa kwa asilimia 9 ya mapato yanayozidi pauni 25,000 kwa mwaka, asiyefikia kiwango hicho halipi, na kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Ongezeko lake hufuata kiwango cha mfumuko wa bei. Wapo wanazuoni wanaoliona ongezeko hilo kuwa riba bila shaka, na wapo wanaoliangalia kwa namna nyingine au wanaotazama dharura ya mwombaji. Mimi si mufti, na sitakuhalalishia wala kukuharimishia. Mpelekee sheikh unayemwamini masharti yenyewe yakiwa yameandikwa, pamoja na takwimu hizi, asije akajibu juu ya mkopo wa benki ambao hukuuliza. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mfumo mbadala usio na riba, lakini hadi ninapoandika mfumo huo haujaanza kutumika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuna fedha ambazo si mkopo. Mfuko wa NHS, huduma ya afya ya umma, unaoitwa NHS Learning Support Fund huwapa wanafunzi wa uparamediki wanaostahili nchini England pauni 5,000 kwa kila mwaka wa masomo, hazirejeshwi, na mwenye mtoto mdogo anaweza kuongezewa pauni 2,000 kwa mwaka. Sharti ni kwamba uwe na sifa za kupata mkopo wa serikali, na hilo ni tofauti na kuuchukua. Gharama za safari za kwenda kwenye mafunzo ya vitendo nazo zinaweza kurudishwa. Fedha hizo hazilipi ada yote, lakini familia inayojilipia ada kwa awamu itaona tofauti yake.

Njia ya pili ya kufikia shahada ileile ni uanagenzi. Unaajiriwa na huduma ya ambulansi, unalipwa mshahara, mwajiri anagharamia masomo, na mwishoni unasajiliwa na HCPC sawa na aliyetoka chuoni moja kwa moja. Hakuna mkopo wala riba. Kasoro yake ni kwamba nafasi hizo ni chache, na mara nyingi hupewa watu ambao tayari wamo ndani, kwa hiyo kwanza utaomba kazi ya msaidizi wa huduma ya dharura, upande hadi fundi wa ambulansi, ndipo ushindanie masomo. Safari yote inaweza kuzidi miaka mitano, na wakati wote huo unafanya zamu kamili na kusoma usiku. Nimewaona watu wakichoka katikati. Lakini nimewaona pia wakimaliza wakiwa hawana deni na wana uzoefu ambao mwanafunzi wa chuo huupata baadaye.

Ukiniuliza ningefanya nini mahali pako, ningeanza Hisabati na Access mwaka huu, kwa kuwa vinafaa kwa njia zote mbili, na wakati huohuo ningejifunza udereva. Leseni ya Kenya haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya hapa. Ilikuruhusu kuendesha kwa miezi 12 ya kwanza tu, na baada ya hapo unapaswa kufanya mitihani ya Uingereza. Juu ya leseni ya gari dogo utahitaji daraja la C1, kwa kuwa ambulansi nyingi huzidi tani 3.5, na daraja hilo lina uchunguzi wake wa kitabibu. Watu wengi hulikumbuka dakika ya mwisho. Access ikiisha utakuwa umeshapata jibu la sheikh, na utajua uombe chuo, kazi ya msaidizi, au vyote viwili. Access yenyewe pia huwa na mkopo, ambao baki lake hufutwa ukimaliza shahada, lakini nao una ongezeko, kwa hiyo kiulize chuo kama kinaruhusu kulipa kwa awamu.

Zungumzeni pia, wewe na mumeo, juu ya zamu za saa 12, usiku, Ijumaa na sikukuu. Mwanafunzi hapangi zamu zake, na mtoto wa miaka minne hataelewa kwa nini mama analala mchana. Bila mtu mmoja wa kuaminika wa kumshika mtoto saa kumi na moja alfajiri, kozi hii humshinda hata mwenye akili nyingi. Hijabu haina tatizo katika sare. Mikono huachwa wazi hadi kiwiko wakati wa kumgusa mgonjwa, na miongozo ya NHS inaruhusu mikono ya nguo ya kuvaa na kutupa kwa anayehitaji kujisitiri. Jueni pia kwamba ajira haiji yenyewe baada ya kuhitimu kama zamani, kwani miaka ya karibuni baadhi ya huduma zimepunguza idadi ya wahitimu wapya wanaowachukua, na huenda mkalazimika kuhama mji.

Sasa damu. Uliliandika jambo hili mwishoni, na nadhani ndilo linalokutia hofu zaidi. Mtu anayezimia kwa kuona damu si mwoga wala hana moyo dhaifu. Kinachotokea ni kwamba mwili, baada ya mshtuko mfupi wa kupandisha mapigo, hugeuka ghafla: neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo, mishipa ya damu ya miguuni hulegea, presha hushuka, na ubongo hupungukiwa damu kwa sekunde chache. Ukilala chini, damu hurudi nawe huamka. Kwa kuwa tatizo ni presha inayoshuka, dawa yake ni kuipandisha kwa makusudi. Ukiwa umekaa, kaza misuli ya mikono, tumbo na mapaja kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie uso unapata joto, legeza kwa nusu dakika, urudie mara tano. Ukiisha kuizoea, ifanye huku ukitazama picha ya kidonda kidogo, kisha kikubwa, siku baada ya siku. Wanafunzi kadhaa niliowalea walianza wakiwa hivyo, na mmoja wao sasa ndiye anayeitwa kwenye ajali za barabara kuu.

Hata hivyo, kabla ya zoezi lolote, nenda kwa daktari wa familia umweleze jinsi ulivyozimia, hasa ikiwa una mimba au una presha. Usichelewe kabisa ikiwa uliwahi kuzimia bila kuona damu, au ukiwa unakimbia au kupanda ngazi, au moyo ukienda mbio kabla ya kuanguka, au ikiwa kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Hayo yanaweza kutoka kwenye moyo wenyewe, na hayatibiwi kwa kukaza misuli. Mwulize pia athari yake kwa leseni ya C1, ambayo masharti yake ya afya ni makali kuliko ya gari dogo, ili usikie jibu hilo kabla ya kulipia masomo ya udereva. Na ikiwa kuna kifo au tukio katika nyumba ya wazee ambalo bado linakurudia usiku, litaje katika mazungumzo hayohayo. Kazi hii huongeza matukio ya namna hiyo, na ni vyema la kwanza liwe limeshatunzwa.

Kuhusu Kenya, usajili wa HCPC hauhamishiki wenyewe kwenda nchi nyingine, na utalazimika kuomba utambuzi wa shahada na wa taaluma upya. Lakini uhitaji upo. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2023 ilianzisha mfuko wa kugharamia dharura na maradhi mahututi. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao hupokea simu za dharura kwa namba 1199. Anayejua kutibu na pia kufundisha ana mahali pake huko. Mkiondoka, usiache jina lako litoke kwenye daftari la hapa bila kufikiri, kwa maana anayekaa nje ya kazi kati ya miaka miwili na mitano hutakiwa kufanya siku 30 za kujinoa kabla ya kurudi, na anayezidisha mitano hutakiwa siku 60.

Muhula wa Access katika vyuo vingi huanza Septemba, na nafasi za Hisabati za bure hujaa mapema. Piga simu chuoni wiki hii, ukiwa na hati yako ya KCSE mkononi, na siku hiyohiyo omba miadi ya daktari.